Utosi wa mtoto kudundadunda

SWALI: Mwanangu ana miezi minne. Utosi wake bado ni laini na unadunda. Bibi yake anataka tuupake dawa ufunge. Je, ni ugonjwa?
Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Hapana, mama. Mifupa ya fuvu la mtoto bado haijaungana, ndiyo maana kichwa hupita njia ya uzazi na ubongo hupata nafasi ya kukua. Utosi uko pale mifupa miwili ya paji inapokutana na miwili ya kando. Umefunikwa na utando mgumu, hivyo kumwosha na kumchana taratibu hakumdhuru. Mdundo unaouona ni mapigo ya damu. Kwa kawaida hufunga kati ya miezi 9 na 18, wengine hadi miaka miwili. Ule mdogo wa kisogoni hutangulia, mara nyingi ndani ya miezi mitatu.

Upapase akiwa ameketishwa na ametulia. Akilia au akilala chali unaweza kuvimba kidogo. Ukibonyea, naye anaharisha, midomo imekauka na mkojo ni haba, amepungukiwa maji: endelea kumnyonyesha na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukivimba na kukaza hata akiwa ametulia, hasa kukiwa na homa, kutapika au degedege, usingoje kuche. Huenda ni homa ya uti wa mgongo.

Dawa ya kupaka haifungi mfupa. Bibi asamehe, ila majani yaliyotwangwa huweza kuchubua ngozi na kuleta usaha.