Mtazame Kwanza Mfugaji Anayesubiri Malipo

Nasimamia kiwanda kidogo cha mtindi hapa Moshi, kinachopokea maziwa kutoka Kibosho na Hai, na vijana wanaoanzisha biashara za namna hii huniuliza waanzie wapi ili biashara zao ziinufaishe jamii. Zamani ningewaambia watenge sehemu ya faida kwa ajili ya misaada. Leo nawaambia watazame tarehe wanayomlipa mfugaji.

Katika mwaka wetu wa tatu tulinunua tangi la kupozea maziwa kwa mkopo, na ili marejesho ya benki yasichelewe, nilikubali malipo ya wafugaji, ambayo yalikuwa ya kila wiki mbili, yasogezwe hadi karibu miezi miwili. Kipindi hichohicho tulikabidhi madawati katika shule ya msingi (siyajutii, watoto wanayakalia hadi leo), na katika mpango mkakati nikaandika kwamba tunainua maisha ya wananchi. Maziwa yakaanza kupungua, nami nikadhani ni kiangazi. Alfajiri moja nilipanda kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa nikamkuta mama mmoja, aliyezoea kutuletea lita kumi na mbili, ameshika kidumu cha lita tatu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Mwenye pumba hanikopeshi, mwanangu. Mengine namuuzia wa pikipiki, ananilipa palepale." Bei ya huyo mchuuzi wa maziwa wa pikipiki ilikuwa chini ya yetu.

Anayejua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, ataelewa uzito wa jibu hilo. Eneo ni dogo, ng'ombe hulishwa bandani, majani mengi hukatwa tambarare na kupandishwa mlimani, na pumba na mashudu hununuliwa kwa fedha taslimu. Malipo yakichelewa, ng'ombe hupunguziwa chakula, maziwa hushuka katika siku chache, na samadi inayorutubisha migomba na kahawa nayo hupungua. Kwa hiyo kwangu utunzaji wa mazingira, ustawi wa kaya na mtiririko wa fedha wa kampuni ni jambo moja, na kiongozi anayeyapangia mafungu tofauti ataharibu yote matatu.

Tena watu wa huku wana kumbukumbu ndefu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikafuata mwaka 1933, na wazee wanakumbuka jinsi serikali ilivyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuviruhusu tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mzee aliyepitia hayo hashawishiki kwa hotuba. Anataka kuona daftari.

Tulirudi kwenye malipo ya wiki mbili, tukaahirisha kununua gari la pili, na bodi ikapitisha kwamba mishahara ya sisi viongozi isitoke kabla wafugaji hawajalipwa. Kisha tukabadilisha majina daftarini. Wanaokata majani na kukamua kwa sehemu kubwa ni akina mama, ilhali fedha zilikuwa zikiingia kwenye simu za waume. Tulipoandika jina na namba ya anayeleta maziwa, baadhi ya akina baba walikuja kulalamika, tukakaa nao mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kaya chache zikajitoa. Niliona ni hasara inayostahili kubebwa, na naona hivyo bado.

Lililoniumiza zaidi ni la laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa ili kujua kama yametiwa maji. Kituoni kwetu maziwa yaliyosomeka mepesi yalichukuliwa kuwa yametiwa maji na yakamwagwa mbele ya watu wote. Siku moja mama aliyemwagiwa aliapa kwamba hakuongeza hata tone, na alikuwa anasema kweli: maziwa yaliyotoka kukamuliwa yakiwa bado ya moto husomeka mepesi kuliko yalivyo, na kijana wetu hakuwahi kufundishwa kuzingatia joto. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi na kumlipa maziwa yake. Wiki iliyofuata kila kituo kilipata kipimajoto, maziwa yanayotiliwa shaka yakawa yanapimwa upya pembeni yakishapoa, na mfugaji akawa anasoma namba kwa macho yake kabla haijaandikwa.