Mbweha kamaliza kuku wangu usiku mmoja, mjomba nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nafuga kuku nyuma ya nyumba, si wengi, walikuwa matetea 14 na jogoo mmoja. Juzi naamka nakuta tisa wamekufa bandani, manyoya kila mahali, na wawili hata sijui walipoenda. Kinachoniuma hajala hata robo, kaua tu kaacha! Na banda nimelizungushia waya wa kuku pande zote, mlango ulikuwa umefungwa. Jirani ananishauri nitegeshe nyama yenye sumu. Huyu mnyama ana roho gani mjomba, na hiyo sumu niiweke wapi? – Mwenye uchungu

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana tena sana. Tuanze na hiyo sumu maana ndo inayonitisha. Usiweke popote. Nyama yenye sumu haichagui nani aile, ataila mbwa wa huyohuyo jirani, ataila paka, watakula ndege, na kama kuna mtoto anayetambaa hapo nyumbani sitaki hata kumalizia sentensi. Nchi nyingi sheria inakataza kabisa. Halafu hata ukimuua huyo mmoja, mbweha ana himaya yake anayoilinda, akitoweka inabaki wazi na baada ya muda mfupi mwingine anahamia, na banda lako atalikuta vilevile lilivyo. Tatizo lako si mbweha mwanangu, ni banda. Najua inauma kusikia hivyo wakati bado unaokota manyoya.

Kuhusu roho yake, mi naona tunamsingizia. Porini akikamata ndege mmoja wengine wote wanaruka wanakwenda zao, mchezo umeisha. Sasa bandani hawana pa kwenda, wanapiga mabawa, wanapiga kelele, wanamkimbilia mbele ya mdomo, na kile kinachomfanya akamate hakizimwi na shibe. Angepata muda angewabeba mmojammoja akawafukie ardhini wawe akiba. Wale wawili usiowaona ndo hiyo safari ilikuwa imeanza, pengine kumekucha au kasikia mtu akakatisha. Maana yake nini? Leo usiku anarudi kuchukua vilivyobaki. Kwa hiyo kabla ya jua kuzama ondoa mizoga yote (vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi), ifukie kwenda chini hasa, na hao waliosalia walale stoo au kwenye boksi gumu lenye matundu ya hewa, popote penye ukuta na mlango wa kweli, hata kama watakuchafulia.

Sasa huo waya. Waya wa kuku, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mwenye meno asiingie. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara, nilikuwa nao, nikaamka siku moja nikakuta pembeni kwenye kona umevutwa umefunguka kama soksi iliyochanika na nywele mbili tatu za rangi ya kutu zimenasa kwenye ncha, hata hakuhangaika kuukata, alivuta tu pale nilipopigilia vipini vya stapo kimoja huku na kingine kule mbaaali. Kwa hiyo nunua ile nyavu ya chuma iliyochomelewa, wengine wanaita weldimeshi, yenye matundu ya milimita 12 au 13, hiyo inazuia mpaka panya na nyoka wengi. Na usiishikilie kwa stapo peke yake, tumia skrubu na washa pana (kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu), au bana ukingo wa nyavu kwa kipande cha ubao juu yake.

Ukimaliza pande, piga magoti. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Mbweha anachimba, lakini anaanzia palepale ukuta unapokutana na udongo, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanze mbali. Basi mtegee hapohapo: laza nyavu chini kutoka ukutani kwenda nje kama sentimita 50, iungane vizuri na ile ya ukutani, ipigilie kwa vigingi vya waya, majani yataota juu yake na hutaiona tena. Akichimba anakutana na chuma, anasogea kidogo anakutana na chuma, anachoka. Wengine wanaifukia wima kwenda chini sentimita 30 nayo inafaa, ila ni jasho bure kama udongo wako una mawe.

Juu je? Umesema pande zote, hujataja paa. Mbweha anapanda uzio wa mita 2 kama paka, nimewahi kumuona mmoja akitembea juu ya ukuta bila haraka kama mwenye nyumba. Funika juu, kwa bati au nyavu ileile. Na palipo na pengo la sentimita 10 mhesabu kichwa kimeshapita, na kichwa kikipita mwili unafuata.

Mlango ndo mwisho na ndo ugonjwa mkubwa. Unasema ulikuwa umefungwa, nakuamini, lakini kufungwa na kukazwa ni vitu viwili. Kale kandoano kamoja katikati, ukisukuma kona ya chini kwa mguu utaona inabonyea. Weka komeo mbili, moja juu moja chini, na zisiwe za kusukuma tu zikafunguka. Kuna siku hizi vimlango vinavyojifunga vyenyewe, vya taima (saa unayoitega) au vya sensa ya mwanga (kifaa kinachohisi giza limeingia). Ni vizuri, nami ninacho, ila usikiamini ukaenda kulala. Changu kilijifunga kwa wakati wake jioni moja na kuku mmoja mzembe alikuwa bado anaparura huko nyuma, asubuhi nikakuta manyoya mlangoni, masikini alikuja kugonga. Ukitumia cha taima kumbuka urefu wa siku unabadilika, kirekebishe. Halafu kila jioni wahesabu kwa tochi wakiwa wamelala, dakika moja tu.

Ukimaliza yote hayo nyunyiza majivu au unga mwembamba kuzunguka banda usiku mbili tatu. Asubuhi nyayo zitakuonyesha alizunguka wapi na alisimama wapi muda mrefu. Pale aliposimama ndo pana udhaifu, hata kama wewe huuoni, weka vidole sukuma utaona.

SWALI: Mjomba habari. Nimesikia ukikojoa kuzunguka banda mbweha haji, na wengine wanasema redio au taa za kuwakawaka. Mume wangu kashaanza na hilo la kwanza, majirani wanatuangalia. Je inasaidia? – Mama wa matetea sita

JIBU: Haha, mwambie baba apumzike dada yangu. Harufu ya mtu, nywele za saluni, redio ya usiku kucha, vyote hivi vinaweza kumshtua mbweha siku za kwanza, halafu anagundua hakuna kinachomuuma na anazoea. Mbweha wa mijini wanaishi na harufu zetu na kelele zetu kila siku, ataogopaje mkojo wa mtu mmoja? Taa za kuwakawaka nazo usizitegemee sana. Kuna utafiti ulifanyika Chile, ukachapishwa 2019, walizijaribu taa za namna hiyo kwenye mazizi ya lama na alpaka (mifugo ya huko ya jamii ya ngamia), zikamzuia puma, yule paka mkubwa wa porini, lakini mbweha wa milima ya Andes hazikumshughulisha. Kama umeshanunua itumie, uwe unaihamisha mahali kila baada ya siku chache, lakini hela ya kwanza iende kwenye nyavu na komeo. Kinachosaidia kuliko mkojo ni kufagia: chakula cha kuku kilichomwagika kinaita panya, na panya wanamwita mbweha. Mayai nayo yaokote kila siku.

SWALI: Mbona wangu anakuja mchana kweupe? Nafungulia kuku wazunguke uwanjani, saa sita mchana kabeba mmoja mbele ya macho yangu!! Si mnasema ni mnyama wa usiku?

JIBU: Anapenda jioni, usiku na alfajiri, lakini hana saa mkononi. Akiwa na watoto ndo usiseme. Mbweha mwekundu anabeba mimba siku 52 hivi na mara nyingi anazaa wanne au watano, sasa midomo yote hiyo inalishwa na wazazi, lazima watoke hata mchana. Kwa kuku wanaozunguka nje mi ushauri wangu ni fensi ya umeme, ile ya nyavu inayohamishika au ya nyuzi. Kama ni ya nyuzi, uzi wa chini kabisa uwe sentimita 15 hivi toka ardhini ili auguse kwa pua akija kunusa, maana manyoya yake yanazuia shoti lakini pua ina unyevunyevu, akipata moja hasahau. Pima kwa kipimo, isishuke chini ya volti 3,000. Na fyeka majani chini yake, yakigusa waya umeme unakimbilia ardhini na unabaki na pambo. Kama huna fensi, wafungulie ukiwepo, na badilisha saa, maana naye anakariri ratiba yako vizuri kuliko wewe.

SWALI: Nitajuaje ni mbweha na si mnyama mwingine? Kifaranga mmoja kapotea, hakuna hata tone la damu.

JIBU: Kifaranga mmojammoja anayepotea kimyakimya usikimbilie mbweha, angalia panya, nyoka, paka, na ukiwa mchana mwewe. Mbweha mara nyingi anaondoka na kuku mzima na kuacha manyoya kwa mafungu kuelekea alikopita, fuata utaona. Kicheche na nguchiro wanapenya matundu madogo na kuuma shingoni. Mbwa wa mtaani huparua kila kitu, anatafuna hovyo na kuacha palepale.

SWALI: Mjomba mbwa wangu kapigana na mbweha jana akaumwa mguuni. Mbweha mwenyewe alikuwa ananyatanyata mchana hata haogopi watu, anayumba. Kidonda kidogo tu, nimepaka mafuta.

JIBU: Hapa sicheki. Mbweha asiyeogopa watu na anayumba anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mbwa wako mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, hata kama alichanjwa, na kama hakuchanjwa ndo zaidi. Mfungie peke yake mpaka daktari aseme. Wewe uliyempaka mafuta, je ulivaa glavu, na mkononi una mkwaruzo wowote? Kama mate yake au ya mbweha yamegusa kidonda chako, au mtu yeyote kaumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukiangalia saa, halafu nenda hospitali ueleze kilichotokea, usisubiri dalili, zikishaanza karibu hakuna anayepona. Na ukimkuta huyo mbweha amekufa, watoto wasiusogelee mzoga, toa taarifa kwa watu wa mifugo waje wauchukue.

SWALI: Bata bukini wanalinda kuku kweli?

JIBU: Wanapiga kelele vizuri sana. Kisha wanaliwa.