Je, yafaa kumlilia na kumuombea msanii aliyejulikana kwa sigara na pombe?

SWALI

Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mkazi wa Majengo, Pumwani. Nimelelewa na nyanya yangu, na nyanya alimpenda mno Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Tangu marehemu afariki, 17 Aprili 2013, kila mwaka siku hiyo ikifika nyanya humkumbuka, akalia kidogo na kumuombea dua. Mwaka huu niliweka picha ya Bi Kidude katika kundi la familia la WhatsApp nikaandika, “Allah amrehemu.” Shemeji yangu akajibu kwa picha nyingine, marehemu ana sigara mdomoni, akaandika: “Huyu ndiye mnayemuombea? Mnywaji pombe?” Kisha akasema kumlilia fasiki, yaani mtu wa maasi ya wazi, ni kuuridhia ufasiki wake. Nyanya alisomewa maneno hayo, akanyamaza kutwa nzima. Je, tumekosea?

JAWABU

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Binti yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichoniuma zaidi ni hicho kimya cha nyanya yako. Kwa hivyo nianze na lile lisilo na utata ili umsomee leo leo. Bi Kidude aliishi Mwislamu, akafa Mwislamu, akazikwa Kiislamu katika ardhi ya kwao Unguja. Itikadi yetu Ahlu Sunna ni kwamba dhambi kubwa haimtoi mtu katika Uislamu maadamu hakuihalalisha. Akifa bila kutubia, amri yake iko kwa Mola wake: akitaka atamuadhibu, akitaka atamsamehe. Allah amesema katika Surat An-Nisaa, aya ya 48, kwamba hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hilo kwa amtakaye. Na nani kati yetu anayejua mja alimwambia nini Mola wake usiku wake wa mwisho? Kumuombea rehema kunafaa, na ni haki yake juu yetu kama ilivyo haki ya kila Mwislamu aliyetangulia.

Machozi nayo hayana kosa. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, Abdurrahman bin Auf akastaajabu kumwona hivyo. Mtume akamwambia kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Lililokatazwa ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na kupiga mayowe. Zile siku tatu za maombolezo ambazo watu huzitaja ni mpaka wa mwanamke kuacha mapambo yake kwa ajili ya maiti, isipokuwa mjane, ambaye ana miezi minne na siku kumi. Bibi kizee anayefuta jicho kwa ncha ya leso kwa sababu amemkumbuka mtu hajavuka mpaka wowote. Mtume mwenyewe, Bi Khadija akiwa kaburini, alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama marafiki wa Bi Khadija, mpaka Bi Aisha akaona wivu. Ninalomwomba nyanya ni moja tu: asiifanye tarehe 17 Aprili kuwa siku ya ibada maalumu. Amuombee siku yoyote akimkumbuka.

Sasa nije kwa shemeji yako, na nataka nimtendee haki, kwa sababu hakukosea kila kitu. Pombe ni haramu, na wala haiwi halali kwa kuwa mnywaji ana sauti tamu. Bi Kidude hakuficha sigara yake wala kinywaji chake. Ninapowasikia vijana wakisema, “Ndiyo uhuru ule, aliishi alivyotaka,” nahuzunika, maana hapo mtu amehama kwenye kumpenda marehemu akaingia kuipenda dhambi yake. Hata kuhusu ala za muziki, wanavyuoni walio wengi wa madhehebu manne wamezikataza mbali na dufu na mfano wake, na mimi niko pamoja nao. Sikufichi hilo ili jibu langu likupendeze.

Lakini kuna Sahaba mmoja ambaye naona shemeji yako hajasimuliwa habari zake. Jina lake Abdullah, na watu walimpa lakabu ya Himar, yaani punda. Huyu alikuwa mcheshi, akimchekesha Mtume (s.a.w.). Pia alikuwa mnywaji. Aliwahi kuletwa mbele ya Mtume akapigwa kwa ajili ya pombe. Siku nyingine akaletwa tena, akapigwa tena. Mtu mmoja pale akasema: “Ewe Allah mlaani, ni mara ngapi huletwa huyu!” Mtume akasema: “Msimlaani. Wallahi ninalolijua kwake ni kwamba anampenda Allah na Mtume wake.” Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab.

Itazame vizuri hadithi hii, binti yangu. Adhabu haikufutwa, wala hakuna aliyeambiwa pombe si neno. Na mtu yule yule aliyepigwa alisemewa jema lake mbele ya watu, na Mtume akaapa juu yake. Moyo wa Mtume ulikuwa na nafasi ya yote mawili. Naye alikuwa hai, bado anaweza kulewa kesho yake. Itakuwaje kwa aliyekwisha kufa, ambaye hawezi tena kunywa wala kuvuta? Bi Aisha amepokea kutoka kwa Mtume: “Msiwatukane wafu, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza.”

Kwa hiyo ile picha ya sigara ndiyo iliyokuwa kosa katika kundi lenu. Wanavyuoni wameruhusu kumtaja mwenye kudhihirisha maasi ili watu wajihadhari naye. Hapa nani alikuwa akihadharishwa? Nyanya wa Majengo angeanza kuvuta sigara? Picha ile haikumzuia mtu na dhambi yoyote. Ilimvunja moyo mwanamke mzee, na ikamwamulia marehemu kana kwamba aliyeituma ndiye mwenye funguo za rehema. Imam Muslim amepokea habari ya mtu aliyeapa kwamba Allah hatamsamehe fulani. Allah akasema: ni nani huyu anayeniapia kwamba sitamsamehe fulani? Nimemsamehe fulani, na amali zako nimezibatilisha. Mwambie shemeji aifute, lakini mwambie faraghani, kwa upole. Usimjibu mbele ya familia, mkaja mkakosana kwa jina la marehemu.

Nikusimulie jambo lililonikuta mimi. Miaka iliyopita alifariki mpigaji ngoma mmoja, kijana wa mitaa hiyo hiyo yenu, aliyekuwa akitafutwa kwa kila arusi na akijulikana pia kwa pombe. Jeneza lilipowekwa mbele, wanaume kadhaa waliokuwa wamecheza ngoma yake walisogea nje ya msikiti, wakasimama barabarani na mikono nyuma. Baada ya swala nilimkuta mama yake upande wa wanawake, karibu na mlango, macho chini. Nikadhani analia. Alikuwa akihesabu jozi za viatu. Alikuwa amesikia darsani kwamba maiti akisaliwa na watu arubaini wasiomshirikisha Allah na chochote, shufaa yao kwake, yaani maombezi yao, hukubaliwa. Akaniuliza, “Sheikh, wamefika?” Sikujua nimjibu nini, kwa sababu wale wa barabarani viatu vyao vilikuwa miguuni. Tangu siku hiyo sijaweza kumsikia mtu akijivunia kutomuombea mwenye dhambi, nikanyamaza.

Huulizwa pia, kila anapofariki mwanamichezo au mwanamuziki asiye Mwislamu, kama tunaweza kuhuzunika. Kuhuzunika kunafaa; Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, akaambiwa ni Myahudi, akasema: “Je, si nafsi?” Kumuombea maghufira, yaani msamaha wa Allah, ni jambo lingine, nalo lina hukumu yake katika Surat At-Tawba, aya ya 113. Suala lako halimo humo.

Umeniuliza kuhusu makosa, nami nikuongezee la kufanya. Bi Kidude alipata sifa duniani, mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, akaimba katika nchi ambazo sisi tunazisikia tu. Lakini hakuzaa. Mtume ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha, au mtoto mwema anayemuombea. Huyu mlango wa tatu haukufunguka kwake. Waliofurahia sauti yake ni maelfu. Wanaoinua mikono kwa ajili yake ni wangapi? Nyanya yako ni mmoja wao. Badala ya kuweka wimbo kwenye status, toeni sadaka kwa niaba yake, hata iwe mkate na maziwa kwa mtoto yatima jirani yenu. Kumtolea sadaka maiti kunafaa, na thawabu humfikia.

Na nyanya akiomba dua, mwambie asiseme “Bi Kidude” tu. Hilo ni jina tulilompa sisi watu. Aseme: “Ewe Allah, msamehe Fatma binti Baraka, mrehemu, na ulipanue kaburi lake.”

Wallahu a'lam.