Jibu: Google Scholar inasema h ni 14, Scopus inasema 8, niandike ipi?

Habari ndugu. Kwa hiyo una namba mbili za h (h ya 8 maana yake una machapisho 8 ambayo kila moja limerejelewa na wengine mara 8 au zaidi), na fomu ya kupandishwa cheo ina kisanduku kimoja.

Hakuna iliyokosea. Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, huhesabu hata tasnifu, ripoti na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu. Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, huhesabu machapisho iliyoyachagua na kuyasajili tu. Kwenye saikolojia pengo laweza kuwa kubwa.

Kabla ya yote, jitafute Scopus kwa kila namna uliyowahi kuandika jina lako. Mimi nilikuta makala zangu za afya ya akili kwenye wasifu mmoja na za lishe kwenye mwingine, kisa herufi ya jina la kati. Omba waunganishe, ni bure. Kisha ingia Scholar ufute kwenye wasifu wako makala za wenye majina kama lako (akina Juma tuko wengi, na wengine ni wahandisi!). Makala mpya zote zitume na namba yako ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja.

Kwenye fomu andika zote mbili, kila moja na chanzo chake na tarehe uliyoisoma. Wakikataa, kanuni za chuo chenu sizijui. Muulize mkutubi kwanza.