Kabla ya mkopo mkubwa, mpe mjasiriamali mpya kikundi na mlezi

Anayeanza na ndoo ya lita 20 ya sabuni ya maji hakwami kwa mtaji peke yake. Mara nyingi anakwama kwa kuwa hakuna mtu anayelitazama daftari lake. Anajua ameuza, hajui amebakiza nini. Ukimwongezea mkopo hapo, hasara inakwenda mbio zaidi.

Anzeni na kikundi cha kuweka na kukopa. Utaratibu wa hisa ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE umeenea Afrika Mashariki, na uzuri wake ni kwamba unakagulika: wanachama 15 hadi 25, kila mmoja ananunua hisa 1 hadi 5 kwa kikao, mkopo hauzidi mara 3 ya hisa zake, na mwisho wa mwaka wanagawana. Sanduku lina kufuli 3, na funguo wanakaa nazo wanachama wasio viongozi. Fedha zihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti. Siku mweka hazina anaporuhusiwa kwenda kuhesabia nyumbani, kikundi kimeanza kufa.

Ongezeni nusu saa ya biashara, kabla sanduku halijafunguliwa. Baada ya hapo watu huondoka. Kila kikao wanachama 2 wanafungua madaftari: mauzo, manunuzi, madeni ya wateja, na kiasi kilichochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Mstari huo wa mwisho ndio unaouma. Mtu ajipangie posho ya wiki, hata ikiwa ndogo, aiandike kama gharama nyingine. Na lipa namba ya biashara isichanganywe na laini ya mambo ya familia.

Mlezi, yaani mzoefu anayemwongoza mjasiriamali, awe ameifanya biashara hiyohiyo ila anauza soko jingine, la sivyo atakuwa anamfundisha mshindani wake na atayabana maneno. Aje mahali pa kazi mara moja kwa mwezi. Kwa simu haoni kitu. Chukua sabuni: mwanafunzi anaiona nyepesi, anatia chumvi, inakuwa nzito, anatia tena, ghafla inalegea kama maji. Chumvi imezidi, na kuongeza nyingine hakuirudishi. Mlezi akiwepo atamwonyesha kuiyeyusha pembeni, kuitia kidogo kidogo huku akikoroga, na kuacha mara inapoanza kuvuta. Kisha sabuni ilale mpaka povu lishuke ndipo chupa zijazwe. Ukijaza likiwa bado juu, kesho yake kila chupa inaonekana imepunjwa, na mteja harudi.

Hapohapo wapige gharama: kemikali, chupa, lebo, nauli, na chupa zilizovuja njiani, ambazo karibu kila mtu huzisahau. Mlezi asimkopeshe wala asimuuzie malighafi. Akishakuwa mdai, daftari litaanza kufichwa.

Mkopo wa kikundi wa miezi 3 ni wa mali inayozunguka haraka. Ukinunulia mashine, marejesho yatakufikia kabla mashine haijaleta kitu, nawe utauza mzigo kwa bei ya kutupa ili ulipe. Kwa Tanzania, mashine isubiri mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida unahitaji kikundi kilichosajiliwa, na leja safi ndiyo itakayomshawishi Afisa Maendeleo ya Jamii.

Kutoka lita 20 nenda 40, si 200. Sisi tunashauri usubiri wiki 6 mfululizo ambazo mzigo wote umeisha na fedha iko mkononi. Mzigo uliotoka kwa mali kauli, yaani duka litalipa likishauza, bado haujauzwa. Mwenye duka akitaka hivyo, mpe nusu katoni, muandikishiane tarehe, na nusu ya pili ifike dukani baada ya ile ya kwanza kulipwa.