Kwa nini plastiki ya maganda ya ndizi hupasuka na kuota ukungu

Ndugu uliyeuliza kwa nini plastiki yako ya maganda ya ndizi hupasuka ikikauka na kuota ukungu kabla ya wiki kwisha, nami nilikwama hapo hapo ulipokwama wewe nilipojaribu na wanafunzi wangu mjini Moshi. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuokota maganda ya ndizi mbivu. Ndizi inapoiva wanga wake hugeuka sukari, na sukari hunata tu bila kujenga utando. Tulipohamia kwenye maganda ya ndizi mbichi za mtori, tuliyopewa na mama lishe wa jirani, rojo lilianza kushikana.

Tulifuata njia inayokaribiana na ile ya Elif Bilgin, msichana wa Istanbul, Uturuki, aliyepata tuzo kwa plastiki ya aina hii mwaka 2013 akiwa na miaka 16, baada ya kuhangaika na maganda haya kwa miaka miwili. Maganda huchemshwa nusu saa, huchujwa na kusagwa. Kisha gramu 25 za rojo hutiwa mililita 3 za asidi hidrokloriki ya 0.5 M (yaani moli 0.5 kwa lita), mililita 2 za gliserini, na mwishoni mililita 3 za sodiamu haidroksaidi ya nguvu ileile ili kuizima asidi (vaeni glavu). Asidi hukata matawi ya wanga yanayozuia utando kutandaa, na gliserini hujipenyeza kati ya minyororo yake ili iteleze. Hapo ndipo penye jibu la mipasuko yako: anayebania gliserini hupata kitu kikavu kama chapati iliyolala, na anayeizidisha hupata kitu kisichokauka kabisa.

Ukungu ni suala la ukaushaji. Sisi tulianika nje mwezi Julai, wakati mawingu ya Moshi hayaondoki mpaka adhuhuri, na siku ya tatu sinia zima lilikuwa limeota nywele nyeupe. Tanuri la nyuzi 130 lilimaliza tatizo hilo.

Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, kila anayeniuliza anataka mfuko. Mimi nisingejisumbua, kwa sababu utando huu hunyonya maji na kulegea. Tulifinyanga viriba vidogo vya miche ya nyanya. Vililegea siku ya kumi na mbili, miche ikiwa na majani mawili halisi, tukavifukia shimoni pamoja na miche yake bila kuvichana.