Kabla Hujaenda Kariakoo kwa Ajili ya Idd, Ingia Uvunguni

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nina chumba na sebule, nina elfu hamsini, na Idd hiyo imefika. Nianzie wapi?" Nikamjibu kwa ufupi: anzia uvunguni mwa kitanda. Hajaniandikia tena, nadhani alitaka nimtajie duka. Basi leo naeleza kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake. Sote tunataka mgeni akivua viatu mlangoni aseme mashallah kabla hata hajatoa salamu.

Mimi yalinikuta. Idd ya mwaka juzi wifi yangu mmoja (simtaji ni yupi, mwenyewe anajijua na anasoma hapa) aliingia kwangu na hotpoti mkononi, akasimama katikati ya sebule, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akauliza: "Kwani wifi, mnahama lini?" Watu wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka. Na mimi nikacheka, nikaenda jikoni kukatakata kachumbari, machozi nikayasingizia vitunguu.

Sasa niambieni ukweli, sebule ya nani hapa Dar si ghala? Umepanga chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, umeingiza seti nzima ya makochi uliyochongesha Keko, yana mikono mipana mtoto anaweza kulala. Bado kabati la vyombo lenye vikombe vya mistari ya dhahabu ambavyo havijawahi kuona chai. Bado friji, kwa kuwa jikoni hakuna nafasi. Halafu tunasema tatizo mapazia.

Kwa hiyo nilianza na uvunguni. Humo mlikuwa na feni mbovu, nguo za mtoto ambaye sasa yuko darasa la nne, ndoo za rangi tupu, masufuria yasiyo na mifuniko na mifuniko isiyo na masufuria. Feni na vyuma vingine nikampa anayepita mtaani kununua vyuma chakavu, akapima kwenye mizani yake, akanilipa. Nguo nikazifua na kuzituma kijijini. Kisha nikafanya jambo ambalo majirani wanalizungumza hadi leo: nikauza kochi moja, lile la kukaa mtu mmoja. "Seti haivunjwi," waliniambia. Imevunjwa, na sakafu imeonekana. Fedha ya kochi hilo ndiyo iliyogharamia mengine yote ninayoyasimulia hapa, na ikabaki ya nyama.

Baada ya hapo ndipo nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye khanga. Mapazia ya dukani yale mazito yanayong'aa siyapendi, yanakusanya vumbi na kuzuia upepo, na joto la Dar mnalijua. Doti moja ya khanga ni vipande viwili, na inatosha dirisha la kawaida. Kwanza ifue peke yake kwa maji baridi bila kuiloweka, ukiifua ovyo rangi nyekundu itakimbilia kwenye nyeupe. Usikate pindo. Kunja upande wa juu upana wa vidole vinne, mpe fundi cherehani apige mshono mmoja wa kupitishia waya wa pazia, umemaliza. Kama nyumba yenu inatazamana na ya jirani, shonea kwa nyuma shuka jeupe la mtumba la pale soko la Karume, maana khanga ni nyepesi na usiku ukiwasha taa utaonekana wote.

Na soma jina la khanga kabla hujalipa! Wageni watakaa saa nzima wakiangalia dirisha lako, watalisoma. Mkono ulikuwa umeshagusa ile ya "Hasidi hana sababu", nikamkumbuka wifi, nikatabasamu peke yangu pale dukani. Nikachukua "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mnaona nilivyo na subira.

Meza ya tivii nilitengeneza kwa mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Ukiulizia maeneo ya viwanda kama Chang'ombe hukosi yaliyotumika. Ila angalia muhuri uliochomwa ubavuni mwa mbao. Ukiona HT, mbao zilipitishwa kwenye joto kuua wadudu, chukua. Ukiona MB, zilifukizwa gesi ya sumu, usiingize wanakolala watoto hata ukipewa bure. Piga msasa vizuri, paka vanishi mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Mume wangu alisema litaonekana kama banda la kuku. Sasa akija rafiki yake anasema, "Hii tumetengeneza wenyewe." Tumetengeneza!

Kuna jambo moja ambalo wapambaji wengi hawalisemi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takribani siku 11 kuliko wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Idd inazunguka misimu yote, na miaka hii Idd el Fitri imeangukia Machi na Aprili, masika yenyewe. Ukuta unanyonya maji kutoka chini. Ukipaka rangi ya maji juu ya ukuta mbichi, kabla Ramadhani haijaisha itavimba na kubanduka vipande vipande. Sugua kwanza ukungu kwa jiki iliyopunguzwa makali kwa maji, madirisha yakiwa wazi, acha ukuta ukauke, ndipo upake. Zungumza na mwenye nyumba kabla, wengine ukipaka rangi wanaona umepata hela na kodi inapanda. Makasha ya nguo yasikae chini sakafuni, yainue juu ya vipande vya mbao zilizobaki. Kabatini weka mkaa kwenye kopo lililo wazi, utapunguza ile harufu ya uvundo.

Sasa nisemeni mkitaka, lakini nitasema. Dada zangu, mnakopa kikoba kununua mapazia. Mnakopa! Idd inapita, mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa mchango, na wewe unajificha mweka hazina akipita. Na hayo maua ya plastiki yenye vumbi mnayapeleka wapi? Mwenyezi Mungu ametupa asumini inayoota uani, chuma machache jioni, yaweke kwenye kisahani karibu na mlango. Choma udi kidogo, nyumba itanukia kuliko ya mwenye milioni. Toa kwanza, ndipo ulete. Nimeshasema na nitarudia: toa kwanza. Na nyie akina baba mnaocheka wake zenu mbele za ndugu, mnashika nyundo lini?

Yule msomaji wa elfu hamsini, kama uko hapa: ukishatoa vya uvunguni, nunua doti moja na mkeka mmoja wa ukindu, hizo nyingine weka akiba. Mkeka uutandike pale sebuleni palipo wazi, wageni wa Idd watashuka wenyewe kukaa chini, sinia la pilau liwekwe katikati. Watoto wakimwaga mchuzi, futa hapo hapo kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiuloweke, utaota ukungu. Ukimaliza kuutumia, ukung'ute, uanike asubuhi kabla jua halijawa kali kwa sababu ukindu ukikauka mno unakatika, kisha uviringishe na kuusimamisha nyuma ya mlango. Chini ya kitanda usirudishe kitu.